Majani ya Shemeji

Kwa miaka ishirini na miwili hakuna mgeni aliyekanyaga majani ya pale kwenye magofu bila kwanza kumtazama Mkasi usoni.

Mkasi ni jina alilopewa na wenzake kazini, nalo lilimkaa kama kofia ya kupimiwa. Alikuwa mtunza bustani mkuu wa jumba la kale: kuta ndefu za mawe na chokaa zisizo na paa, ua mpana katikati, kisima, na lango la kusini walikoingilia wageni. Kijani chote kilichozunguka kuta zile kilitoka mikononi mwake. Ukoka ulilala sawasawa kama zulia, ukanyweshwa asubuhi na jioni, ukakatwa kila Ijumaa. Uzio wa michongoma ulipunguzwa kwa kufuata kamba. Maua mekundu yalipangwa mstari kama watoto wa shule wanaosubiri kukaguliwa kucha. Maharusi walikuja kupigia picha pale, na Mkasi alisimama kando, mikono nyuma, akijua kwamba katika kila picha, nyuma ya bibi harusi, ipo kazi yake.

Kilichomkera ni kimoja tu: shemeji yake.

Huyo alikuwa kaka wa mkewe, na watu walimwita Mzigo, kwa kuwa tangu wamjue hawakuwahi kumwona bila mzigo wa majani kichwani. Alifuga ng'ombe wawili nyuma ya nyumba yake, na kazi nyingine hakuna aliyeijua. Alizunguka mitaroni, kando ya barabara, kwenye viwanja visivyojengwa, akikata kwa mundu, akinusa, akitafuna shina, akitema. Na kwa kuwa nyasi ndefu kuliko zote ziliota nyuma ya magofu, mahali ambapo mpira wa maji wa Mkasi haukufika, huko ndiko alikokutwa kila mara.

"Shemeji, hapa ni mahali pa serikali, si zizi lako," Mkasi alikuwa akimwambia.

"Nakusaidia kufyeka, shemeji."

"Sijakuomba."

"Ndiyo raha ya msaada wa bure, hauombwi."

Mkasi alimsindikiza hadi getini mbele ya wageni kama mwizi wa kuku. Ilikuwa hivyo miaka kumi na moja. Akirudi nyumbani jioni, mkewe, ambaye alikuwa fundi cherehani na alifanyia kazi sebuleni, tayari alikuwa amesikia. Alizidi tu kukanyaga cherehani.

Kilichobadilisha mambo ni ukuta wa mashariki. Kila mwaka mwashi wa kituo hicho cha mambo ya kale aliupiga lipu ya chokaa, na kila mwaka lipu ilibanduka kama ngozi ya mtu aliyeunguzwa na jua, huku mawe chini yake yakitoa unga mweupe. Mkuu wa kituo, mtu mnene mwenye haraka ambaye wote walimwita Bosi, akaandika barua kwa wakubwa, na wakubwa wakaleta mtu. Watu walitarajia mhandisi mwenye kofia ngumu. Akashuka mwanamke wa miaka thelathini na kitu, viatu vimejaa matope, kioo cha kukuzia kikining'inia shingoni. Alikuwa msomi wa mimea, wadudu, udongo na jinsi vyote hivyo vinavyoishi pamoja. Wakamwita Daktari, na wiki nzima ya kwanza mlinzi wa getini alikuwa akimweleza habari za mgongo wake.

"Shikamoo, mzee," alimwambia Mkasi.

"Marahaba."

Aliuwekea ukuta kiganja, karibu na goti, kisha akalamba ncha ya kidole. "Chumvi," akasema. "Hapa chini nani anamwagilia?"

"Mimi," Mkasi akajibu, kifua mbele. "Asubuhi na jioni. Miaka ishirini na miwili sijakosa, isipokuwa mwaka ule pampu ilipoharibika."

"Kwa maji ya kisima hiki?"

"Haya haya."

Daktari alijipangusa kidole taratibu. Baadaye Mkasi alikumbuka kwamba alikuwa akitafuta maneno ya upole, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Mzee wangu, ukoka wako unakunywa, lakini na ukuta nao unakunywa. Unayavuta maji kama utambi unavyovuta mafuta. Jua likipiga, maji yanaondoka, chumvi inabaki ndani ya jiwe, inavimba, inalipasua."

Mwashi akaweka mwiko chini. "Kumbe miaka yote hii mimi nafunga kidonda, na wewe unakitonesha," akasema, akacheka mpaka akashika mbavu.

Daktari akawaeleza anachotaka kufanya. Alitaka kuanza na ardhi. Ajue kwanza ni mimea gani inaishi pale bila kushikiwa mpira wa maji, nani anaila, nani anatua juu yake, mvua ikinyesha maji yanakwenda wapi. "Waliojenga hapa hawakujenga juu ya zulia," alisema. "Walijenga penye mteremko wake, nyuki wake na nyasi zake. Tukivijua hivyo, ndipo tutachora bustani." Hatua kumi na tano kutoka kila ukuta, maji yakome. Miche ya mitini iliyoota kwenye nyufa ing'olewe kabla mizizi haijapanua mawe. Ila zile nyasi fupi zilizoota juu kabisa ya kuta ziachwe, kwa sababu zinaukinga ukuta na mvua kama kofia. Mkasi alisikiliza huku akikumbuka ni mara ngapi alipanda ngazi kwenda kuzikwangua hizo kofia.

Siku ya nne Daktari alikuwa amechuchumaa nyuma ya magofu, kitabu kinene mapajani, akilinganisha picha na nyasi. Kitabu kilikuwa na majina, lakini hakikusema nyasi ipi hapa huamka lini, wala ipi humuua mwenzake. Mkasi alikuwa pembeni, na kwa kila aliloulizwa alikuwa na jibu moja: "Hilo gugu." Aliulizwa majani kumi na mawili. Alijibu gugu mara kumi na mbili.

Hapo Mzigo akatokeza, mzigo kichwani.

"Shemeji, nimekwambia mara ngapi," Mkasi akaanza, lakini Daktari alikwishasimama.

"Mzee, samahani. Naomba utue huo mzigo."

Mzigo alidhani amekamatwa. Akautua taratibu. Daktari akapiga magoti mbele ya lile tita, akachomoa shina moja. "Hili unaliitaje?"

"Hilo mimi naliita Mvivu. Mvua ya kwanza haliamki, ya pili haliamki, linasubiri ya tatu. Ila likishaamka halilali tena mpaka kiangazi kiishe."

"Na hili?"

"Huyo Mama Mkwe. Hataki mtu karibu. Akiota yeye, ndago inakimbia, mbigili inakimbia. Hata ng'ombe wanamheshimu."

Daktari aliketi chini kabisa, akafungua daftari. Saa nzima walichambua tita lile, shina kwa shina. Kila jani lilikuwa na tabia yake, na Mzigo aliisimulia kama mtu anayesimulia majirani: huyu anapenda kivuli, huyu anatoa mbegu siku tisa tu kwa mwaka, huyu ana ua la njano linalofuatwa na nyuki wadogo wasiouma. Karibu na yale majina marefu ya kitabuni, Daktari aliandika Mvivu, akaandika Mama Mkwe. Mwashi aliacha kazi akaja kusikiliza. Mkasi alibaki amesimama na mkasi wake mkononi, na polepole akatambua kwamba muda wote huo hakuna aliyemuuliza kitu.

Haikupita wiki, Bosi akatia saini karatasi. Mzigo akawa mshauri wa mimea ya asili, kwa mkataba wa muda.

Jioni hiyo Mkasi alimkuta mkewe akishona shati la kaki lenye mifuko minne.

"La nani hilo?"

"La kaka. Anataka mfuko wa mundu, nikamwambia mundu haukai mfukoni, nitamtilia kitanzi kiunoni." Aliongea na pini mdomoni, na bado alikuwa akitabasamu.

Mkasi akaitazama sare yake iliyoning'inia mlangoni, kola imelika. Aliomba ibadilishwe tangu msimu uliopita. "Naona umefurahi," akasema.

"Nisifurahi? Miaka yote wanamwita mzururaji. Leo Daktari mzima anamwita mwalimu."

"Anamwita mwalimu?"

Mkewe akainua uso. "Wewe hukusikia? Si mko pamoja?"

Neno lile lilimwingia kama kibanzi chini ya ukucha. Tangu siku hiyo masikio yake yakawa na kazi mpya. Akawa anasikiliza ni mara ngapi Daktari atasema mwalimu kabla ya chai ya saa nne. Akawa anaangalia kikombe cha kwanza kinakwenda kwa nani. Aligundua kwamba Daktari anachekea vichekesho vya Mzigo ambavyo yeye alivisikia kwa miaka thelathini na havikuwahi kuchekesha. Hata namna shemeji alivyokuwa akitembea sasa, polepole, bila kitu kichwani, ilimchoma. Mtu aliyezoea kubeba akiachwa mikono mitupu, aliwaza, huanza kujiona amepewa cheo.

"Chanda chema huvikwa pete," mwashi akamchokoza siku moja.

"Hata kidole cha mguu kikikaa mbele sana huonekana chanda," Mkasi akajibu. Hakuna aliyecheka.

Kisha likaja suala la kiwanja cha majaribio. Daktari alichagua hatua arobaini kwa ishirini karibu na lango la kusini, palipokuwa na ukoka mzuri kuliko wote. Mkasi mwenyewe ndiye aliyeambiwa aung'oe, ukoka alioupanda chipukizi kwa chipukizi akiwa kijana mwenye nywele kichwani. Aliung'oa. Mzigo akapita nyuma yake akitawanya mbegu, akipiga mluzi.

Mvua ya kwanza ikanyesha, kiwanja kikabaki udongo mtupu. Ya pili ikanyesha, kikawa matope, na mgeni mmoja akauliza pale amezikwa nani. Mkasi alilibeba swali hilo hadi ofisini kwa Bosi kama mtu aliyebeba sinia la harusi. Siku zile alikula vizuri na kulala vizuri. Ikanyesha ya tatu. Asubuhi yake kulikuwa na ukungu wa kijani juu ya ardhi, mwembamba, na baada ya miezi miwili Mvivu alifika magotini. Wakaja vipepeo. Wakaja wale nyuki wadogo. Jumamosi moja wakaja maharusi, wakaupita ukoka wa Mkasi bila kuutazama, wakaingia katikati ya nyasi ndefu, na mpiga picha akapiga magoti kupata ua la njano mbele na ukuta nyuma. Mkasi alikuwa ameshika reki. Aliishika hivyo mpaka walipoondoka.

Lilibaki tatizo moja lililomnyima Daktari raha. Mvua ikinyesha sana, maji yalikuja kutuama chini ya ukuta wa mashariki. Aliamini kwamba waliojenga walikuwa na njia ya kuyatoa, ila hakuna ramani wala karatasi iliyoionyesha. Akawa anauliza kila mtu.

Mkasi alijua. Mwaka ule pampu ilipoharibika, wiki saba bila maji, ukoka wote ulikauka ukawa rangi ya katani, isipokuwa utepe mmoja, upana wa hatua, uliobaki kijani kutoka pembe ya ukuta wa mashariki, ukapita kando ya kisima, ukateremka hadi bondeni. Huhitaji shule kujua kwamba chini ya utepe ule pana kitu, udongo wa kina unaoshika unyevu. Lakini yeye aliuonea aibu kama kiraka kwenye suruali mpya. Pampu ilipopona, alimwagilia mpaka ukapotea.

"Mzee, wewe uko hapa miaka mingi," Daktari alimwambia. "Hujawahi kuona dalili yoyote?"

Mkasi alifungua mdomo. Na kweli alikuwa anataka kusema. Muda huo huo Mzigo akatokea nyuma ya kisima, na uso wa Daktari ukageuka kama ua linalofuata jua. "Afadhali umekuja, mwalimu. Wewe ndiye utakayetusaidia."

Mkasi akafumba mdomo. "Sijaona kitu," akasema.

Ijumaa moja ikaitishwa mkutano. Wakubwa walikuwa wanakuja Jumatatu kukiona kiwanja, na mbegu zilikuwa zinakaribia kukomaa. Zikivunwa, zingetosha kupanda kituo kizima. Ofisini waliingia Bosi, Daktari, mwashi na Mzigo. Mkasi aliponawa mikono ili naye aingie, Bosi akamwambia mlangoni, bila ubaya wowote, "Wewe endelea tu kukata, si Ijumaa leo?"

Dirisha la ofisi lilikuwa wazi. Aliona viti vinne. Aliona ramani mezani na kidole cha Mzigo juu yake, kidole chenye ukucha mweusi, kikitembea taratibu juu ya ukoka wake, kikisimama, kikitembea tena, na watu wenye elimu wakikifuata kwa macho.

Akawasha mashine ya kukatia majani. Siku ya Ijumaa hakuna anayegeuza shingo kwa sauti ya mashine. Akakata upande wa magharibi. Akakata kando ya njia. Akafika ukingoni mwa kiwanja cha majaribio. Baadaye, alipojaribu kukumbuka alichokuwa akiwaza, hakupata wazo lolote. Alikumbuka mikono tu, namna ilivyosukuma. Nyuki walipanda juu wakatawanyika. Haikuchukua robo saa. Majani aliyarundika nyuma ya stoo, akaiosha mashine kwa uangalifu ambao hajawahi kuiosha nao.

Walipotoka mkutanoni, Daktari alisimama ghafla kama mtu aliyesahau alichokuwa anasema. Mzigo alikwenda hadi katikati ya kiwanja, akainama, akang'oa kisiki cha shina, akakisugua kwa kidole gumba. Akainua kichwa, akamtazama Mkasi ng'ambo ya ua. Kisha akatazama chini.

Mlinzi ndiye aliyesema. Alisema mchana ule alimwona Mzigo akitoka getini na tita la majani. Na ilikuwa kweli. Kabla ya mkutano Mzigo alipeleka chakula cha ng'ombe wake, kutoka bondeni, kama kila siku, na hakuna aliyekumbuka kukitazama kiwanja wakati wa kuingia ofisini.

"Kwa hiyo ng'ombe wako wamekula mradi?" Bosi akauliza. "Nitawaambia nini watu Jumatatu?"

"Majani yana mizizi, Bosi," Mzigo akasema. "Yataota." Bosi akamwambia avue sare, mkataba umekwisha.

Mkasi alingoja furaha. Ikaja, kidogo, kama tonge la kwanza kwa mwenye njaa. Tonge la pili likamkwama. Nyumbani mkewe hakushona siku mbili. Alikaa mbele ya cherehani na mikono mapajani, akisema tu, "Kaka hawezi. Kaka hawezi kukata majani yasiyokomaa, hata kwa kulipwa."

Jumapili mchana Mzigo akaja, shati la kaki limekunjwa vizuri chini ya kwapa. Mkewe Mkasi alikuwa amekwenda kisimani. Mzigo akalitua shati barazani. "Mpelekee Bosi, shemeji. Wewe ndiye unayeonana naye."

Mkasi hakuligusa. "Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini?"

"Mundu unakata mshazari. Mashine inachana. Ulishika shina ukaona."

"Niliona."

"Sasa?"

Mzigo alifikiri kidogo, kama anavyofikiri akiulizwa habari za jani. "Mdogo wangu anaishi kwako, shemeji. Nikikutoa wewe kazini, nimemtoa na yeye." Akaaga, akaondoka.

Mkasi alitamani angetukanwa. Mtu akikutukana, angalau mnagawana makosa. Huyu alikuja, akasema neno moja la heshima, akamwachia mzigo wote. Alikaa pale barazani akiwa na wivu mpya, mbaya kuliko wa kwanza. Shemeji alimshinda kwa majani, na sasa alikuwa anamshinda hata kwa roho. Hilo la pili, aliona, hatalivumilia. Na ukweli usemwe: kilichomtoa nyumbani Jumatatu asubuhi kilikuwa toba, lakini ndani ya toba ile palikuwa na kijicho kingi tu. Hakutaka Mzigo awe mwema peke yake.

Aliwakuta Bosi na Daktari ofisini. Akaweka shati mezani. "Ni mimi," akasema. "Kwa mashine. Ijumaa, mlipokuwa humu ndani."

Bosi alikaa. "Wewe? Miaka ishirini na miwili? Kwa nini?"

"Sikuitwa mkutanoni."

Alilisikia neno lenyewe likitoka, dogo hivyo, kama malalamiko ya mtoto aliyenyimwa nafasi ya mbele. Hapakuwa na jibu lingine. Daktari hakupiga kelele. Alikuwa anatazama dirishani.

"Ulikata urefu gani?" akauliza mwishowe.

"Vidole vinne."

"Mvivu atavumilia. Mama Mkwe sijui." Sauti yake ilitetemeka kidogo kwenye neno la mwisho, na hapo tu Mkasi akaelewa kwamba alikuwa anajizuia asilie.

"Kuna jambo jingine," akasema. Akawaeleza habari za utepe.

Wakubwa walipofika saa nne, walikuta kiwanja kimenyolewa, na mtu wa makamo mwenye sare ya kola iliyolika akichimba shimo katikati ya ukoka wake mwenyewe. Mzigo alikuwa ameitwa, amevaa shati lake, amesimama pembeni. Kwenye kina cha mkono mzima jembe liligonga jiwe. Wakafagia udongo kwa brashi. Lilikuwa bamba bapa, na kando yake jingine, na chini yake mfereji uliojengwa kwa mawe, imara kama uliomalizwa mwaka jana, ila umejaa tope. Mwashi aliingiza mkono mpaka begani, akasema hajawahi kuona chokaa iliyoshika namna ile. Mambo ya kiwanja yakasahaulika siku hiyo. Msimu uliofuata, mfereji ukiwa umezibuliwa, maji ya mvua yaliupita ukuta wa mashariki yakateremka bondeni bila kusimama.

Bosi alimpa Mkasi barua ya onyo na kumvua cheo cha ukuu. Cheo hicho hakumpa mtu mwingine. Mzigo alipoulizwa kama anakitaka, alisema yeye na mashine hawajuani. Mvivu aliota tena, kama alivyosema. Mama Mkwe alikufa nusu nzima, ikabidi mbegu zingojwe mwaka mwingine, na mwaka huo wa kungoja kila mtu pale kituoni alijua umetoka wapi.

Kwa mkewe, Mkasi alisema mwenyewe jioni ya Jumatatu ile. Mkewe alimsikiliza hadi mwisho, uzi ukiwa bado kwenye sindano. "Ulimfukuza kaka yangu miaka kumi na moja, nikanyamaza," akasema. "Nilijiambia ni kazi. Hii ya juzi haikuwa kazi." Siku tisa hakumsemesha zaidi ya "chakula hicho" na "funga mlango". Siku ya kumi alimuuliza kama Mama Mkwe atapona, na Mkasi, ambaye angeweza kusema gugu, alimweleza kwa kirefu.

Alikuwa ameanza kujifunza. Alijifunza kwa kinyongo, akitembea hatua tatu nyuma ya shemeji yake, akisikia tabia za majani, akijifanya anaangalia kwingine. Ripoti ya Daktari ilipotoka, yenye michoro na jalada gumu, aliipitia kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa. Jina la Mzigo, lile lenyewe la kitambulisho, lilikuwamo mara saba. Kuhusu mfereji palikuwa na mstari mmoja: uligunduliwa na wafanyakazi wa kituo. Alitaka kumuuliza Daktari. Alikwenda hadi mlangoni kwake mara mbili, na mara zote mbili akajikuta anauliza habari za mbolea.

Kwenye mwaka wa pili, ukuta ukiwa mkavu na lipu imeshika, barua ilikuja kwa Mzigo kutoka kituo kingine cha mambo ya kale, mbali. Mzigo macho yake yalishachoka na herufi ndogo, na dada yake alikuwa sokoni. Akaileta kwa Mkasi, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi za lango akinoa.

"Nisomee, shemeji."

Mkasi akaifungua. Walikuwa wanamwomba aende kwao mwezi mzima awaonyeshe jinsi ya kutambua nyasi za asili kuzunguka kuta zao. Nauli na malazi juu yao. Na chini, kabla ya saini, palikuwa na mstari uliosema kwamba wamesikia hakuna mwalimu kama yeye, na itakuwa heshima kubwa kwao kumpokea.

Mstari ule angeweza kuuruka. Nani angejua? Aliukodolea macho muda mrefu, hata Mzigo akaona.

"Imeisha?"

"Haijaisha," Mkasi akasema. Akasoma, kwa sauti, neno kwa neno.

Mzigo akaketi ngazi ya chini, mikono juu ya magoti. "Hapo mwisho," akasema taratibu. "Rudia hapo, shemeji."

Mkasi akakohoa, akaisogeza karatasi kwenye mwanga, akarudia.